Kuzunguka miji ya migodi ya San Juan majani yakigeuka: siku nne, kilomita 380

Kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado, Marekani, kuna barabara inayoizunguka milima ya San Juan na kurudi pale ilipoanzia. Inaitwa San Juan Skyway. Ina maili 236, sawa na kilomita 380 hivi, na inapita Durango, Silverton, Ouray, Ridgway, Telluride, Rico, Dolores, Cortez na Mancos. Mingi kati ya miji hiyo ilizaliwa na madini ya fedha na dhahabu, na iliyobaki ilikuwepo ili kuilisha, kuisafirishia au kuiyeyushia mawe. Ramani ya simu itakuambia ni mwendo wa saa saba. Ukiuchukua kwa saa saba utaona lami na matako ya gari lililo mbele yako. Tenga siku nne.

Safari hii ni ya vuli. Kwanza, neno lenyewe. Vuli ya huku haina uhusiano na mvua zetu za Oktoba hadi Desemba. Hapa vuli ni majani kugeuka rangi na kupukutika, usiku kuganda, na mara moja moja theluji ya kwanza. Inadumu wiki chache, na sehemu yake nzuri ni fupi zaidi.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kufuata mwinuko

Mti unaoleta watu huku ni aspeni. Gome lake ni jeupe, lenye vumbi kama chaki ukilipapasa, na lina makovu meusi yanayofanana na macho pale matawi yalipodondoka. Chuma jani moja ulitazame: kikonyo chake ni bapa, kimesimama wima dhidi ya jani, ndiyo maana upepo kidogo tu hulitikisa kushoto na kulia. Kilima kizima cha majani ya namna hiyo humetameta hata pale unapoona hakuna upepo. Tena miti mingi ya aspeni huchipuka kutoka kwenye mizizi ya pamoja, kwa hiyo kundi zima hugeuka njano siku ileile huku kundi la jirani bado likiwa kijani. Mistari ile ya rangi mlimani ni mipaka ya koo, kila ukoo na siku yake.

Rangi huanza juu na kushuka. Kwenye mita 3,000 aspeni hufikia kilele kati ya tarehe 20 Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Mialoni mifupi ya chini huwa myekundu na kahawia karibu na wakati huohuo, na mipopla ya kando ya mto Dolores hufuata katikati ya Oktoba. Ukiwa na wiki moja tu ya kuchagua, chukua ya mwisho ya Septemba. Usiisogeze mbele zaidi kwa tamaa ya bei ya chini: usiku mmoja wa upepo hutosha kuacha vijiti vitupu, na kuanzia katikati ya Oktoba ziara za migodi, maduka ya Silverton na magari ya kamba ya Telluride huanza kufungwa hadi msimu wa theluji.

Weka vyumba miezi mitatu kabla au zaidi, hasa Silverton na Ouray, ambako nyumba za wageni ni chache. Katikati ya juma ni nafuu kwa bei na kwa msongamano. Katikati ya Septemba Telluride huwa na tamasha la muziki na bia. Wikiendi hiyo lala mji mwingine.

Hatua ya 2: Zunguka kinyume cha saa

Huu ndio uamuzi mkubwa wa safari. Kipande cha Silverton hadi Ouray, kilomita 40 za barabara kuu namba 550, kinajulikana kama Million Dollar Highway. Kushuka kwenye korongo la Uncompahgre, barabara imechongwa kwenye ukuta wa mwamba, na sehemu nyingi hazina kingo za chuma pembeni. Hazikusahauliwa. Majira ya baridi magari ya kusukuma theluji lazima yapate mahali pa kuimwaga, na mahali penyewe ni bondeni. Kingo zingeifanya theluji irudi barabarani.

Marekani huendeshwa upande wa kulia. Ukienda kaskazini, kutoka Silverton kuelekea Ouray, upande wako ni ule wa mlima. Kati yako na bonde kuna njia nzima ya wanaokuja. Ukienda kusini, kulia kwako kuna mstari mweupe, kisha pengine hatua moja ya lami, kisha hewa. Kwa hiyo anzia Durango, panda Silverton, shuka Ouray, pinda magharibi hadi Telluride, kisha rudi kusini kupitia Dolores na Cortez.

Aliyejifunza kuendesha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana kazi ya ziada. Wa Bukavu, Bujumbura na Kigali tayari wamezoea kulia. Kosa halitokei kwenye foleni. Hutokea asubuhi, unapotoka kituo cha mafuta au maegesho ya kutazamia mandhari, barabara iko tupu, na mikono inakupeleka kushoto yenyewe. Kipimo rahisi: kiti cha dereva lazima kiwe karibu na mstari wa katikati. Ukijikuta wewe ndiye uliye karibu na ukingo wa nje, uko njia ya watu.

Hatua ya 3: Gari, mafuta na breki

Kwa mzunguko wenyewe, gari dogo la kawaida linatosha. Yote ni lami. Viwanja vya ndege vya karibu ni pamoja na Durango na Montrose. Kutoka Albuquerque hadi Durango ni mwendo wa saa tatu na nusu, kutoka Denver ni saa sita au zaidi. Anayetoka Denver kwa barabara kuu ya I-70 ajue kwamba kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria inadai matairi yanayofaa theluji yenye meno ya angalau inchi 3/16, yaani karibu milimita 5, au minyororo ndani ya gari. Magari ya kukodi hayapewi minyororo hivi hivi. Kagua matairi kabla ya kusaini.

Soma pia mkataba unasema nini kuhusu barabara za vumbi. Mikataba mingi inakataza njia za milimani, na bima huishia pale lami inapoishia. Ukitaka kwenda kwenye migodi ya juu, kodi gari aina ya jipu (Jeep) kwa siku moja Silverton au Ouray kwa watu wanaofanya kazi hiyo, gari lako liache mjini.

Kwenye pampu za milimani utakuta petroli ya oktani 85 ndiyo ya bei ya chini. Ilikuwa na maana enzi za kabureta, kwa kuwa hewa nyepesi hupunguza injini kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati. Injini za leo hujirekebisha kwa kompyuta, na karibu vitabu vyote vya magari vinataka 87. Jaza 87. Utaona pia gari limekuwa zito: injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo kwenye kilele cha Red Mountain imeshapoteza karibu theluthi. Si ubovu. Zima kiyoyozi, shusha gia, kaa kulia.

Jaza tangi Durango, Ouray au Ridgway, na Telluride. Kati ya Telluride na Dolores kuna zaidi ya kilomita 100; usiendeshe ukitegemea kwamba Rico patakuwa wazi.

Breki ndizo zinazowaumiza wageni. Mtu anashuka kwenye otomatiki akiwa D, mguu umelala juu ya kanyagio kilomita kumi mfululizo. Pedi zinapata moto, zinatoa harufu kama ya plastiki inayoungua, mafuta ya breki yanachemka, na kanyagio linazama bila gari kupungua mwendo. Fanya hivi:

1. Kabla mteremko haujaanza, weka 2, L au M, kisha shusha gia mpaka gari lijishike lenyewe kwa kasi unayoitaka. Injini ikinguruma kwa mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika, iache ingurume.
2. Kasi ikipanda, kanyaga kwa nguvu sekunde tatu au nne, ipungue maili 5 kwa saa chini ya unayoitaka, kisha achia kabisa. Breki hupoa zinapoachiwa.
3. Harufu ikija, simama mahali salama dakika 20 hadi 30. Usimwagie maji magurudumu. Diski ya moto hupinda.
4. Vibao vya njano kwenye kona huandika maili: 15 ni kilomita 24 kwa saa, 25 ni 40. Ukiwa mgeni, vitii kama vilivyo.

Nyuma yako likijitokeza gari la mwenyeji mwenye haraka zake, ingia kwenye eneo la kuegesha mpishe. Kumkimbia ndiko kunakokuingiza kwenye kona ukiwa na kasi isiyo yako.

Asubuhi za baridi taa ya upepo wa matairi huwaka. Mara nyingi ni baridi tu imepunguza shinikizo. Jaza hadi namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si ile iliyochapwa kwenye tairi.

Hatua ya 4: Uandae mwili

Durango iko mita 1,985, juu kidogo ya Nairobi. Silverton iko mita 2,840. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huko ni juu ya kibanda cha Mandara, na utalala kitandani chenye blanketi za hoteli. Mpito wa Red Mountain, yaani pale barabara inapovuka mgongo wa mlima, una mita 3,358.

Anayetoka Mombasa, Muscat au Houston alale Durango usiku wa kwanza bila mjadala. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi kukatikakatika ni dalili za kawaida za mwinuko. Kunywa maji, kula kidogo kidogo, acha pombe siku ya kwanza na ya pili. Kichwa kikiendelea kuuma usilale juu zaidi ya ulipo. Kutapika sana, kuyumba unapotembea, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umekaa tu maana yake ni kushuka saa hiyohiyo na kutafuta hospitali.

Mwenye sikoseli asipange safari hii bila daktari wake. Hata mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye nyumbani hajawahi kuumwa lolote, anaweza kupata madhara ya bandama kwenye mwinuko. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni sababu ya kushuka na kumtajia daktari urithi huo, maana huenda asiliwazie.

Jikoni nako kunabadilika. Silverton maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Wali utataka maji na muda wa ziada, na maharage makavu yatakutesa hadi usiku. Beba ya kopo. Pakiti za krispi huvimba kama mpira na nyingine hupasuka garini.

Nguo: kofia, glavu, koti la upepo juu ya sweta. Mchana unaweza kuwa nyuzi 15, usiku Silverton ukashuka chini ya sifuri. Pakua ramani za kutumia bila mtandao ukiwa Durango; simu hukata kati ya Silverton na Ouray, na tena karibu na Rico. Kila asubuhi tazama hali ya barabara kwenye COtrip, huduma ya idara ya barabara ya jimbo.

Siku ya 1: Durango

Mji ulianzishwa na kampuni ya reli ya Denver & Rio Grande mwaka 1880, na reli ikafika Silverton Julai 1882. Treni ile bado inatembea kwa mvuke. Upana wa reli ni futi 3, milimita 914, mwembamba kuliko hata ule wa mita moja wa reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, kwa sababu reli nyembamba hupinda kona kali na huhitaji kuchonga mwamba kidogo. Kwenda tu ni saa tatu na nusu. Ukitaka kuipanda ongeza siku nzima. Ukiwa na siku nne, nenda stesheni asubuhi kabla ya saa 3 uone inavyoondoka, inatosha.

Durango ndiko mawe yalikoyeyushwa. Vinu vya milimani vilisaga mwamba na kubakiza makinikia, yaani mchanga uliojaa madini, neno ambalo Watanzania hawahitaji kufafanuliwa tangu 2017, na makinikia yakashushwa kwa treni hadi kwenye tanuri za Durango. Eneo hilohilo baadaye lilitoa urani kwa ajili ya mradi wa bomu la Marekani, mradi uleule uliochukua sehemu kubwa ya urani yake Shinkolobwe, Katanga.

Siku ya 2: Durango hadi Silverton, kilomita 80

Ondoka saa 2 asubuhi. Utavuka Coal Bank, mita 3,243, kisha Molas, mita 3,325. Kwenye vivuli vya kona huweza kuwa na barafu nyembamba inayofanana na lami iliyolowa. Kipimajoto cha gari kikisoma nyuzi 3 au chini, ichukulie kila sehemu inayong'aa kuwa ni barafu: achia mafuta, usikate usukani ghafla, usikanyage breki katikati ya kona. Molas simama. Mbele yako kuna safu za milima pande zote.

Treni huwashusha abiria Silverton kuanzia karibu saa 6 mchana, na wanakaa saa mbili hivi. Muda huo kila meza ya mgahawa imejaa. Kula kabla ya saa 5 na nusu au baada ya saa 8.

Mji ulipimwa mwaka 1874, mara tu baada ya watu wa kabila la Ute kulazimishwa kuachia milima hii kwa mkataba wa Brunot wa 1873. Mtaa wa Greene ndio wenye lami na majengo ya heshima. Sambamba nao ni Blair, uliokuwa wa baa, kamari na madanguro. Tembea yote miwili, halafu panda makaburi ya Hillside usome mawe: Waitaliano, Waswidi, watu wa Cornwall, na kundi kubwa la vifo vya mwaka 1918, homa ileile iliyopita Afrika Mashariki.

Kisha chukua barabara ya kaskazini-mashariki kama maili mbili hadi kinu cha Mayflower, kilichofanya kazi hadi 1991. Tazama juu: nyaya na ndoo za kubebea mawe bado zinaning'inia juu ya barabara. Ukitaka kuingia chini ya ardhi, fanya hivyo kwenye ziara ya mgodi wa Old Hundred, siyo kwenye tundu lolote ulilolikuta. Chini ni kama nyuzi 9 mwaka mzima. Vaa koti hata jua likiwaka.

Mashimo yaliyoachwa yako maelfu kwenye milima hii. Mchimbaji wa Geita au Mererani anajua mambo haya: matimba, yaani nguzo za mbao, yanaoza kutoka ndani huku nje yakionekana mazima, sakafu ya mbao inaweza kuwa imefunika duara, yaani shimo la wima, lenye kina cha mita mia, na hewa isiyo na oksijeni haina harufu, mtu hukaa chini kupumzika na haamki. Baruti za zamani hutoa jasho la nitroglaserini na hulipuka kwa kuguswa. Mlango ukiwa wazi, piga picha ukiwa nje.

Maji ya vijito usiyanywe, hata kwa kichujio cha wapanda milima. Vichujio huzuia vijidudu, haviondoi zinki, kadimi wala risasi zilizoyeyuka. Mwamba wenye pyriti, madini ya chuma na salfa, ukikutana na maji na hewa hutoa asidi. Asidi huyeyusha metali, na chuma hujishika kwenye mawe kwa rangi ya chungwa. Agosti 5, 2015, lita zaidi ya milioni 11 za maji hayo zilifumuka kutoka mgodi wa Gold King juu ya Silverton, na mto Animas ukawa rangi ya haradali hadi Durango na kupita.

Wenye jipu waende Animas Forks, kilomita 19 juu ya mji, kwenye mita 3,400. Nyumba za mbao bado zimesimama, moja ikiwa na dirisha lililotokeza mbele kama sebule ya mjini. Kutoka hapo kupanda mipito ya Engineer au Cinnamon ni kazi ya gari lililoinuka juu na lenye kuvuta magurudumu yote manne, na theluji ikishashuka, usijaribu.

Siku ya 3: Silverton hadi Ouray na Ridgway, kilomita 57

Hizi ni kilomita chache kwa makusudi. Ondoka kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, barafu ikiwa imeyeyuka na jua limeingia korongoni.

Barabara ni mjukuu wa njia za kulipia za Otto Mears, aliyezikata miaka ya 1880 ili nyumbu na mabehewa ya mawe yapite, kisha ikajengwa upya kwa magari na kumalizika 1924. Jina lake la dola milioni lina hadithi nyingi: wengine husema ni gharama ya kila maili, wengine kwamba kifusi chake kilikuwa na dhahabu. Chagua unayoipenda.

Baada ya kona kubwa ya Chattanooga utapanda hadi Red Mountain. Ukianza kushuka, simama eneo la kutazamia migodi. Milima mitatu myekundu iliyo upande wa mashariki imepakwa kutu ya chuma na asili yenyewe, na chini yake kuna jengo la mbao lililosimama kama mnara mwembamba: ni mnara wa kuteremshia watu wa mgodi wa Yankee Girl. Ulikuwa tajiri wa fedha, maji yake ya asidi yakila mabomba na pampu. Mwaka 1893 Marekani iliacha kununua fedha, bei ikaporomoka, na miji kama Ironton, unayoipita dakika chache baadaye, ikaanza kufa. Ouray ilipona kwa sababu mwaka 1896 Thomas Walsh aligundua dhahabu kwenye mawe yaliyoachwa na watafuta fedha. Mgodi wake wa Camp Bird aliuuza 1902 kwa zaidi ya dola milioni 5.

Kuanzia hapo kuna korongo. Gia ndogo, taa zimewashwa, abiria ndiye anayetazama. Baadhi ya maegesho yako upande wa bonde, kushoto kwako. Usivuke njia ya wanaokuja kama huoni mita 150 mbele. Utapita chini ya paa la zege lililojengwa kukinga maporomoko ya theluji, na karibu yake kuna mnara wa kumbukumbu ya madereva wa magari ya theluji waliofia kazini hapo. Kisha maporomoko ya Bear Creek yanayopita chini ya daraja, handaki fupi, na Ouray inatokea chini yako ghafla kama kitu kilichodondoshwa kwenye kikombe.

Mji huu, mita 2,375, umepewa jina la chifu wa Ute. Kuta zake ni ndefu, jua huondoka mapema, kwa hiyo picha za majani zipige kabla ya saa 9 alasiri. Jioni nenda kwenye mabwawa ya maji moto ya asili. Hayana harufu ya kiberiti. Lala Ouray, au shuka kilomita 17 hadi Ridgway ikiwa kichwa bado kinagonga.

Usiku usiache chakula garini, hata ganda la ndizi. Septemba na Oktoba dubu hula karibu mchana na usiku kujiandaa kulala, na wanajua milango ya magari hufunguka.

Siku ya 4: Ridgway, Telluride, na kurudi

Amka kabla ya jua, ambalo mwishoni mwa Septemba hutoka kama saa 1 asubuhi. Panda barabara ya 62 hadi Dallas Divide, mita 2,734. Hapa ndipo penye picha ambayo watu husafiri kuifuata: Mlima Sneffels wa mita 4,315 nyuma, aspeni katikati, mialoni myekundu mbele. Karibu na hapo huanza Last Dollar, njia ya vumbi hadi Telluride. Ikiwa kavu inapendeza. Ikinyesha, udongo wake hujaza meno ya matairi na gari linateleza kama liko juu ya sabuni; siku hiyo baki kwenye lami.

Telluride kaa saa tatu. Juni 24, 1889, Butch Cassidy na wenzake waliiba benki ya San Miguel Valley hapa. Mwisho wa bonde kuna maporomoko ya Bridal Veil, mita 111. Gari la kamba hadi Mountain Village ni bure, dakika 13, na juu yake unaona aspeni kutoka angani.

Ukitoka kuelekea kusini kwa barabara ya 145, bondeni chini ya Ophir kuna kituo cha umeme cha Ames. Mwaka 1891 kilipeleka umeme wa mkondo geu (AC) mgodini, miongoni mwa vya kwanza duniani kufanya hivyo, kwa sababu kuni za kuendeshea mitambo zilikuwa zimepanda bei huko juu. Ziwa Trout linafuata, na daraja la mbao la reli iliyokufa, kisha mpito wa Lizard Head, mita 3,116. Dolores wameihifadhi Galloping Goose, gari lililotengenezwa miaka ya 1930 kwa bodi ya gari la barabarani na kuwekwa juu ya reli, kwa kuwa treni kamili haikulipa tena.

Kuanzia Lizard Head hadi Dolores ni mteremko wa polepole, hauchoshi, na hapo ndipo usingizi hukamata. Badilishaneni usukani Rico. Ukiwa na siku ya tano, lala Cortez na uingie Mesa Verde, nyumba za mawe walizozijenga wenyeji chini ya miamba karne nyingi kabla ya mchimbaji wa kwanza. Kama huna, panga uvuke Mancos kabla ya saa 12 jioni. Machweo ni saa 1, na nusu saa kabla na baada yake ndio muda wa kulungu kuvuka barabara ya 160. Ukimwona mmoja, punguza mwendo na usubiri wa pili, maana hawatembei peke yao. Akiruka mbele yako usikwepe kwa kukata usukani: kanyaga breki ukiwa umenyooka, ubaki kwenye njia yako.